Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Mchezoni Yenye Wenyewe

Barua tunazozijibu safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinahusu The Sims, mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji huwajengea nyumba watu wa kubuni, huipamba, kisha huwaacha waishi humo. Wasomaji wetu wanataka kujua namna ya kuweka yale makorokoro ya kila siku, yaani vikombe, viatu, magazeti na mabeseni, ili nyumba ionekane ina watu. Nimezipokea barua hizi kwa furaha, kwa sababu naamini kwamba kazi ya mpambaji hupimwa katika vitu hivyo vidogo kuliko katika kuta na paa.

*Ndugu mhariri, ninacheza The Sims 4 na ninapenda kujenga zaidi ya kitu kingine chochote. Nyumba zangu ni kubwa na samani zake zinalingana rangi, lakini rafiki zangu wakiziona husema zinafanana na duka la samani. Nikiongeza mapambo, chumba kinageuka stoo. Ninakosea wapi? — Msomaji, Njiro, Arusha*

Ndugu yangu, maelezo yako yananionyesha kwamba unaanza na kitu, kisha unakitafutia mahali. Anza na mtu. Kabla hujafungua orodha ya mapambo, amua ni nani wanaoishi katika nyumba hiyo, wanafanya kazi gani, na ni saa ngapi mgeni angeingia na kuikuta ilivyo. Tuseme ni nyumba ya huko huko Njiro, saa moja asubuhi mwezi wa Juni, wakati baridi ya Arusha imekaza. Mama wa nyumba hiyo ni mwalimu aliyesahihisha madaftari hadi usiku. Kwa hiyo madaftari yamerundikwa pembeni mwa kochi, moja likiwa wazi, na kikombe kiko juu ya meza ndogo upande wa mkono wake wa kulia. Bibi aliyekuja kutembea ana kiti chake karibu na dirisha linaloingiza jua, na juu ya kiti hicho pana blanketi lililokunjwa nusu na kikapu cha nyuzi za kufumia. Kijana wa sekondari ametupa begi lake chini ya ngazi, na viatu vyake vya mpira viko mlangoni, kimoja kimelala ubavu. Hapo hujaongeza hata vitu kumi, lakini kila kimoja kina mkono uliokiweka, na mtazamaji ataweza kuwataja wakazi watatu bila kuwaona.

Ukishawajua wakazi, utaona kwamba vitu vyao havisambai nyumba nzima kwa kiasi kilekile. Hukusanyika pale mtu anapokaa kwa muda mrefu na pale anapopita kwa haraka: kando ya mlango, kwenye kochi linaloelekea televisheni, karibu na sinki, kichwani mwa kitanda. Kwingineko hubaki peupe. Wapambaji wengi wanaoanza hugawa mapambo kwa haki, chombo kimoja cha maua kwa kila meza na picha moja kwa kila ukuta, na nadhani hicho ndicho rafiki zako wanachokiona wanapotaja duka. Thubutu kuacha ukuta mzima mtupu, na kona moja uijaze hadi pomoni.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunalijua vizuri kwa sababu ya sebule tulizolelewa ndani yake. Sebule ya kwetu ina sehemu iliyopangwa kwa ajili ya mgeni na sehemu inayotumiwa na mwenyeji. Kabati la vyombo lenye glasi ambazo hazitumiki mpaka Krismasi, vitambaa vya kufuma juu ya makochi, picha ya mahafali iliyotundikwa juu kidogo kuliko inavyostahili, vyote hivi vimepangwa kwa makini na havisogezwi. Mita mbili kutoka hapo pana chaja ya simu, rimoti iliyofungwa kwa mpira, dawa ya kikohozi na risiti za dukani. Weka vyote viwili katika chumba kimoja. Makorokoro yakiwa peke yake ndiyo yanayokupa ile stoo unayoilalamikia, lakini yakikaa jirani na kitu kilichopangwa kwa heshima, jicho huelewa kwamba nyumba hii inatunzwa na pia inatumika.

Kuhusu mbinu zenyewe: ukiwa kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, uandike bb.moveobjects on katika kisanduku kitakachofunguka, kisha ubonyeze Enter. Amri hii huruhusu vitu vikaribiane na hata kuingiliana, na ni lazima uiandike upya kila unapofungua mchezo. Ukishikilia Alt unaposogeza kitu, kitaacha kufuata miraba ya sakafu, nawe utaweza kukizungusha kwa pembe yoyote uitakayo. Kitabu kilichopinda kidogo huonekana kimewekwa na mtu, ilhali kile kilichonyooka sambamba na ukingo wa meza huonekana kimewekwa na kompyuta. Kitufe cha 9 hupandisha kitu na kitufe cha 0 hukishusha, na kama havikuitikia, vibonyeze pamoja na Ctrl. Mabano ya mraba hukuza na kupunguza ukubwa, na katika kompyuta nyingine hufanya kazi pamoja na Shift. Ni kwa mabano hayo mchoro mkubwa wa ukutani utageuka picha ya mahafali, na kikapu cha mezani kitakuwa tenga la nguo.

*Ndugu mhariri, nilijaza meza na kaunta za jikoni vitu vingi, na picha nilizopiga zilipendeza. Lakini sasa watu wangu wanakula wamesimama, sahani wanaziacha sakafuni, na mmoja hupunga mikono akilalamika hata nisielewe anataka nini. — Msomaji, Sakina, Arusha*

Anataka pa kupita, au pa kuweka sahani. Kila meza, kaunta na rafu katika mchezo huu ina nafasi zisizoonekana, na kitu unachokiweka juu yake huchukua mojawapo. Mbele ya kila kiti cha meza ya chakula pana nafasi ya sahani. Ukiweka bakuli la matunda hapo, mlaji hana pa kulia, hata kama wewe unaona meza imebaki nusu tupu. Jikoni ni vivyo hivyo, kwa kuwa mpishi anahitaji kaunta tupu ya kukatia, na ningekushauri uache mbili, moja yake ikiwa jirani na jiko. Chumvi, birika na masufuria ya ziada vipeleke kwenye rafu za ukutani, juu ya kabati au juu ya friji.

Kitu kilichopandishwa kwa kitufe cha 9 kinaelea tu hewani, hivyo hakichukui nafasi ya meza iliyo chini yake. Hii ni njia nzuri ya kupamba katikati ya meza bila kumnyima mtu pa kulia, lakini mchezo bado unaweza kukihesabu kuwa kipo sakafuni na hivyo kikazuia njia. Mazulia na vitu vya ukutani havina shida hiyo. Kila unapomaliza chumba, toka kwenye ujenzi, mwagize mtu mmoja apike, ale, aoshe vyombo na aende kulala, nawe umfuatilie kwa macho. Akikwama, ondoa kitu kimoja kimoja mpaka apite.

Usihofu pia kwamba nyumba yenye mazagazaga itawakera wakazi wake. Mchezo hutofautisha pambo na uchafu. Rundo la magazeti lililonunuliwa kama pambo huhesabiwa kuwa pambo, na huchangia furaha ya aliyemo chumbani. Sahani chafu iliyoachwa baada ya chakula ndiyo inayomharibia hali.

*Mwandishi, binti yangu wa kidato cha pili amemaliza likizo akipanga vikombe na viatu vya watu wasiokuwepo, wakati chumba chake mwenyewe hakijafagiliwa. Je, huku si kupoteza muda? — Mama, Rau, Moshi*

Mama yangu, chumba chake na kifagiliwe kwanza. Hapo sina hoja ya kumtetea. Lakini kuhusu kazi anayoifanya mchezoni naomba unisikilize, kwa sababu nadhani ina thamani kuliko inavyoonekana ukisimama nyuma ya mabega yake.

Mtu aliyebuni mchezo huu, Will Wright, alipoteza nyumba yake katika moto mkubwa uliounguza vilima vya Oakland, huko California nchini Marekani, mwezi wa Oktoba 1991. Alipoanza kununua tena kimoja kimoja alivyovipoteza, alijikuta akijiuliza ni kitu gani hasa mtu anakihitaji nyumbani, na kwa nini. Mradi wake ulianza kama mchezo wa usanifu wa nyumba, na wale watu wadogo waliwekwa ili waipime kazi ya msanifu kwa kuishi ndani yake. Ulipotoka mwezi wa Februari 2000, wachezaji waliwapenda watu hao, lakini swali la asili lilibaki palepale. Katika mchezo ule wa kwanza, hali ya chumba ilikuwa mojawapo ya mahitaji manane ya mtu, pamoja na njaa na usingizi.

Sisi tulilifanyia kazi swali hilo kwa vifuu, matope na vizibo vya soda tulipocheza baba na mama nyuma ya nyumba. Tulipanga jiko, tukaamua mgeni akae wapi, na tuligombana sana kuhusu nani kahamisha sufuria. Binti yako anafanya jambo hilohilo, ila vyombo vyake ni bora zaidi. Anapoamua kwamba viatu vya baba vikae mlangoni na vya mtoto viwe chini ya kochi, anakumbuka namna watu wanavyoishi, na kukumbuka huko kunahitaji kutazama.

Kama ungependa muda huo uzae zaidi, mpe kazi. Mwambie apime sebule yenu kwa futi kamba, kisha aijenge mchezoni kwa vipimo vyake. Wajenzi wengi huhesabu mraba mmoja wa mchezo kuwa kama mita moja. Atagundua kwamba makochi yenu ni makubwa kuliko alivyodhani na njia ya kwenda jikoni ni nyembamba. Halafu mwachie apendekeze kabati lihamie wapi, na pendekezo lake likifaa, lihamisheni kweli. Saa za kucheza kubalianeni mapema, wewe na yeye, na mzishike.

*Ndugu mhariri, ningependa kuijenga nyumba ya babu na bibi ya kihambani, kule juu mlimani, kama nilivyoikuta nilipokuwa mdogo. Lakini katika orodha ya vitu sioni hata kimoja cha kwetu. Je, inawezekana? — Msomaji, Soweto, Moshi*

Inawezekana, na natamani wengi zaidi waifanye kazi hiyo. Mapambo ya mchezo huu yamechorwa na watu wenye jiko la aina nyingine na mlango wa aina nyingine, na asipokuwepo mtu wa kuzijenga nyumba zetu, mwanao atakua akidhani kwamba nyumba nzuri ni ile yenye tanuri la ukutani na sanduku la barua getini.

Anzia nje, kwa maana kihamba, yaani shamba la Kichagga linaloizunguka nyumba, ndicho kinachoifunika. Kihamba hupandwa kwa tabaka: juu kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na ardhini maharage, magimbi na viazi. Katika mimea ya mchezo wa msingi, yaani mchezo usio na vifurushi vya nyongeza, umo mgomba wa ndizi za kupika, na huo utakubeba mbali. Ipande migomba mingi karibu karibu, lakini badilisha ukubwa wa kila mmoja kwa mabano ya mraba, kwa sababu migomba ya kihambani ina mama, ina watoto, na mingine inaelekea kuanguka. Kahawa itawakilishwa na kichaka chochote chenye majani ya kijani kibichi kilichoiva, na mpakani weka mstari wa mimea yenye majani marefu yaliyochongoka, iwe masale, kwani kihamba kisicho na masale mpakani mzee yeyote wa Kichagga atakishangaa. Usifyeke uwanja. Njia ya kuingilia iwe nyembamba, ipinde, na nyumba isionekane yote kwa mara moja.

Jiko lisimame peke yake nje ya nyumba kubwa. Kwa mafiga, chukua mawe matatu kutoka sehemu ya mandhari ya nje, uyapunguze, na sufuria uipandishe juu yake kwa kitufe cha 9. Kuta zichagulie rangi ya giza kuliko unavyoona inafaa, kwa sababu moshi wa kuni haukosi kuacha masizi. Juu ya moto jengea dari dogo la mbao, panapohifadhiwa mahindi, na kona moja ilalie mkungu wa ndizi. Madumu ya maji yawe karibu na mlango kwa vile mtu aliyetoka mferejini hutua mzigo pale pale anapoingia. Jembe na panga viegemee ukutani kwa nje, na mabuti ya mvua yenye tope yawe chini ya upenu. Masika ya mlimani, kati ya Machi na Mei, hayaruhusu mabuti kuingia ndani.

Sebule ya babu mimi ningeipamba kwa uchache sana. Redio, kalenda ya kanisa iliyotengenezwa kwa mchoro mdogo, picha za watoto walioko mjini, kiti kimoja ambacho hakuna mwingine anayekikalia, na fimbo yake. Hapo ndipo wajenzi wengi hushindwa kujizuia wakaweka ngoma, mikuki na vinyago, vitu vinavyouzwa kwa watalii pale mjini Arusha na ambavyo babu hakuwahi kuwa navyo. Weka ulichokiona kwa macho yako. Kama bibi alikuwa na ndoo ya plastiki ya rangi ya chungwa, ndoo hiyo ina haki ya kuwepo kuliko kibuyu ambacho hukukiona.

Kwa vitu ambavyo havipatikani kabisa, kama vile kanga na mashuka, kuna njia ya kujitengenezea. Wachezaji wanaotumia kompyuta huweza kutumia programu ya bure iitwayo Sims 4 Studio kubadilisha picha iliyo juu ya kitu kilichopo, hivyo blanketi la kawaida likawa shuka jekundu la miraba. Faili utakalolipata huwekwa katika folda ya mchezo iitwayo Mods, kisha unaruhusu matumizi yake katika mipangilio. Pigia picha kanga za bibi sasa, zikiwa bado na rangi.

Angalizo moja la hali ya hewa: kama baadaye utajenga nyumba ya Moshi mjini, usihamishie humo mablanketi ya mlimani. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa takriban mita 900 tu, na Arusha iko karibu mita 1,400, kwa hiyo sebule ya Pasua huwa na feni na dirisha lililofunguliwa wakati sebule ya Njiro ina sweta kwenye kila kiti.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi, sina fedha ya kununua vifurushi vya nyongeza, na kompyuta yetu ni ya zamani, ina kumbukumbu ya GB 4. Je, ninaweza kupamba kama wengine? — Mwanafunzi, Majengo, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Unaweza. Mchezo wa msingi wa The Sims 4 hutolewa bure tangu tarehe 18 Oktoba 2022, na GB 4 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika. Ni kweli kwamba kampuni ya Electronic Arts huuza vifurushi vidogo vilivyojaa makorokoro matupu, kimoja cha vitu vya kila siku na kimoja cha vitu vya bafuni, lakini usivionee wivu kabla hujamaliza ulichonacho. Fungua kile kisanduku cha amri nilichomweleza msomaji wa Njiro, uandike bb.showhiddenobjects, na baada yake bb.showliveeditobjects. Utafunguliwa maghala ya vitu vilivyofichwa, yakiwemo masanduku, makreti, mawe, vichaka na vyakula vilivyokwisha kupikwa, na vingi vyake bei yake ni ndogo mno au havina bei kabisa. Hilo lina maana kubwa kwa mtu anayependa kujenga bila kujiongezea fedha, kwa sababu mkazi mmoja huanza na simoleoni, yaani fedha ya mchezoni, 20,000 tu.

Kompyuta yako italemewa na wingi wa vitu, kwa hiyo chagua kiwanja kidogo, kile cha miraba 20 kwa 15, na upambe kwa wingi vyumba viwili tu ambamo wakazi wanaonekana zaidi. Bafu na stoo viguse kidogo. Badala ya vitabu kumi vilivyowekwa kimoja kimoja, tumia rundo moja lililokwisha kuchorwa kama kitu kimoja. Na hifadhi kazi yako kila umalizapo kona, kwa jina jipya kila mara, maana umeme ukikatika mchezo hautakusubiri.

*Nikisogeza meza, vikombe na vitabu vinabaki vikielea hewani. Nifanyeje? — Msomaji, Kijenge, Arusha*

Hivyo ni vitu ulivyovipandisha kwa kitufe cha 9. Mchezo haujui kwamba viko mezani, kwa hiyo havifuati meza inapohama. Vile vilivyowekwa kwenye nafasi za meza yenyewe vitakwenda nayo. Bonyeza Ctrl na Z ili urudishe meza mahali pake, ondoa kwanza vinavyoelea, hamisha meza, kisha uvipange upya. Kama unataka kuhamisha chumba chote pamoja na vilivyomo, kichague chumba chenyewe badala ya kukamata samani moja moja, na kabla ya hapo hifadhi nakala ya nyumba katika maktaba yako ya mchezo.